Habari Iliyoshikiliwa

Siku chawa waliporudi Shule ya Msingi Mtamboni, Atupele Mwaisumo alikuwa amechoka tangu asubuhi, na chawa hawakuwa sababu. Alikuwa amechoka na wazazi, amechoka na wilaya, amechoka na kiti chake kilichokuwa kikilalia upande mmoja, na zaidi ya yote alikuwa amechoka na Tarishi, mtambo ambao wenyewe haukujua kuchoka ni nini.

"Mwalimu, hii ya chawa tunaipelekaje?" Zuberi Mkwizu aliuliza kutoka meza ya mbele. Zuberi alikuwa mkuu wa Chumba cha Habari kwa Wazazi katika ofisi ya wilaya, mtu wa suti moja ya kijivu na moyo mwema aliokuwa anauficha kazini.

Atupele alisoma rasimu ya Tarishi kwenye kioo. Iliwataja watoto kwa majina, na idadi ya chawa waliokadiriwa kwa kila kichwa. Alifuta yote. Akaandika kwamba wiki hii ni wiki ya usafi wa nywele Mtamboni, na kila mzazi anaombwa kumnyoa mwanawe au kumsuka upya.

"Kila mtu atajua ni chawa," Zuberi akasema.

"Ajue. Ila hakuna mtoto atakayechekwa."

Zuberi alicheka kidogo, akapitisha. Kazi yao ilikuwa imebaki hapo tu. Matangazo ya shule nzima waliruhusiwa kuyapiga pasi kabla hayajatoka: mabadiliko ya basi, mboga ya mchana, maji kukatika, chawa. Habari za mtoto mmoja mmoja zilikwenda zenyewe. Kila mwanafunzi wa shule za umma alishonewa beji kwenye kola, na kila kilichompata, homa, goli, kofi la rafiki, Tarishi alikituma nyumbani kabla dakika haijaisha. Wazazi wenyewe ndio waliotaka iwe hivyo. Miaka ya nyuma basi la shule lilitumbukia mtaroni na wilaya ikanyamaza mpaka jioni, wazazi wakajua walipokuja kuchukua watoto getini. Waliingia ofisi ya wilaya na masufuria yao, wakapikia uani na kulala humo humo, mpaka Sheria ya Papo kwa Papo ikapita. Atupele wakati ule alikuwa bado anafundisha darasa la tatu, na aliwapelekea wale wazazi unga. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja papo kwa papo ingeweza kuwa papo mno.

Ndiyo maana walipewa kitufe. Kiliandikwa SHIKILIA, na kiliweza kuzuia habari ya mtoto mmoja kwa saa moja, basi, kama mpokeaji alikuwa mahali ambapo habari ingemdhuru. Maofisa wengi hawakuwahi kukigusa. Atupele alikuwa amekigusa mara moja, kwa ajili ya baba aliyekuwa chumba cha upasuaji, na hakujuta.

Alikuwa anainuka kwenda kuchemsha chai pale kioo kilipobadilika rangi.

Yusto Ng'wandu, darasa la tano, Mtamboni. Karakana ya stadi za kazi. Mkono wa kulia umeingia kwenye mashine ya kusaga plastiki. Damu nyingi. Gari la wagonjwa limeitwa.

Chini yake ilikuwepo rasimu ya kwenda kwa mama, maneno hayo hayo, makavu vile vile. Na chini ya rasimu ilionekana mama alipo, kwa sababu wazazi walikubali kuonekana ili mabasi yasiwaache watoto barabarani. Skolastika Ng'wandu, mzazi pekee. Kazini. Dereva wa kreni ya mnara, jengo la soko jipya. Alikuwa juu, peke yake, ndani ya kibanda cha vioo, na zege likining'inia juu ya vichwa vya watu.

Atupele hakukaa. Alibonyeza akiwa amesimama, kijiko cha chai mkononi.

*

Mtu wa dharura aliyeandikishwa alikuwa jirani, Mama Tunu. Alipokea simu huku nyuma yake kitu kinakaangwa.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mwalimu Atupele, napiga kutoka ofisi ya shule."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema, mama. Kuna jambo dogo tu."

"Jambo dogo ofisi nzima inanipigia mimi?" Mlio wa kukaanga ukakoma. "Sema, nimekaa."

Atupele alimweleza. Mtoto ameumia mkono, anapelekwa hospitali ya rufaa, yu hai, anaongea. Mama yake yuko juu ya kreni na hajui.

"Na asijue!" Mama Tunu alisema. "Mtu aambiwe jambo kama hilo akiwa hewani kama popo? Niachie mimi. Nakusanya wenzangu, tunamfuata pale chini, tunamwita taratibu."

"Ahsante, mama. Mumpeleke moja kwa moja hospitali."

"Nyumbani kwanza. Akae, anywe maji, awe na watu. Ndipo aambiwe."

Hapo ndipo Atupele angeweza kusema hapana. Angeweza kusema mtoto hajafa, mama, hatuendi msibani. Lakini yeye mwenyewe, baba yake alipofariki, alitolewa chuoni na wanawake watatu waliosema tu kwamba anahitajika nyumbani, na hakuna aliyemwambia chochote mpaka alipoketi mkekani katikati yao. Alikuwa ameona ule ni upendo, na mpaka leo aliona hivyo. Hakujua njia nyingine ya kumfikishia mtu jambo zito. Alisema sawa.

Alipokata simu alijisikia nafuu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Watu walikuwa wamerudi katikati ya mama na mashine. Akaenda kumalizia chai yake.

Aliporudi alikuta mstari wa Yusto unaendelea kutembea kwenye kioo.

Yusto amekula wali na maharage, amemaliza sahani. Yusto amejibu swali la sayansi, amepata. Yusto anacheka na wenzake.

"Zuberi," aliita. "Hebu njoo uone. Hiki ni nini?"

Zuberi alikuja, akainama. "Kiraka. Habari ikishikiliwa, Tarishi anajaza pengo. Mama akikaa muda bila neno la mwanawe, si unawajua wa mji huu? Atakuwa getini na jiwe."

"Lakini ni uongo."

"Ni mambo ya jana na juzi, yamechanganywa. Hakuna hata moja ambalo hajawahi kulifanya."

Chini ya maharage jibu lilikuwa limeingia kutoka juu ya kreni. Leo kamaliza! Mwambieni kwamba mama yake anampenda, na sweta asiliache tena kwenye basi. Atupele alilisoma. Alitaka kuliondoa machoni akashindwa, kwa hiyo akakigeuza kioo chenyewe na kuanza kupokea simu za wazazi wa Mtamboni. Walikuwa wengi. Kila mmoja alitaka kuhakikishiwa kwamba wiki ya usafi wa nywele haikuanza na mtoto wake.

*

Hakuiona habari iliyofuata ilipoingia. Hilo baadaye alilirudia kwa kila aliyemuuliza, na lilikuwa kweli, na halikumsaidia kitu.

Alipogeuza tena kioo, mstari ulikuwa na maandishi mapya mawili. La kwanza lilitoka hospitali: mkono umesagika, upo uwezekano mdogo wa kuujenga upya lakini maisha ya mtoto yatakuwa hatarini, njia salama ni kuukata juu ya kiwiko, daktari anaomba ridhaa ya mzazi. La pili lilitoka kwa Tarishi: mzazi ameulizwa, hakujibu, Mlezi wa Wilaya ameridhia kwa niaba yake. Mtoto yuko mezani.

Atupele alibonyeza ACHIA. Akabonyeza tena. Habari zote zilitoka kwa mkupuo, ajali, ombi na jawabu, zikaenda kwa mwanamke ambaye simu yake wakati huo ilikuwa ndani ya mkoba uliobebwa na jirani.

"Hakuulizwa!" alisema kwa sauti iliyowafanya wenzake wa meza za nyuma wageuke. "Ombi limekaa nyuma ya kizuizi changu. Zuberi, nilidhani ukishikilia vyote vinasimama."

Zuberi alivuta kiti akakaa karibu naye. Alieleza polepole, na ilionekana wazi kwamba kuna siku yeye pia alieleweshwa hivyo hivyo. Kitufe kilizuia kila kinachokwenda kwa mzazi. Hakikuzuia muda wa ridhaa, ambao ukiisha Mlezi wa Wilaya huamua badala ya mzazi. Muda huo uliwekwa kwa ajili ya wazazi wasiopatikana, walevi, waliokimbia, waliosafiri, ili mtoto asife wakati karatasi inamtafuta baba yake. Tarishi hakuweza kutofautisha mzazi aliyenyamaza na mzazi aliyenyamazishwa. Kwake yote yalikuwa kimya.

"Basi irekebishwe iandikwe kwamba hakuulizwa."

"Mwalimu, nisikilize. Umefuata utaratibu. Nimeona, nitasema hivyo. Ila usizungumze na yule mama mpaka wanasheria wa wilaya wakae."

"Na yeye aendelee kudhani aliulizwa mtoto akiwa mezani, akakaa kimya?"

Zuberi alisugua uso kwa viganja. "Ukisema, wanakiondoa kitufe. Si kwako, kwa wote. Wapo watu wanasubiri sababu tu. Kesho mama mwingine atakuwa juu ya kreni, na Tarishi atampelekea vile vile, mkono, mashine, damu. Yule ataanguka, au atawaangushia watu zege. Huyu hapa angalau mwanawe yu hai. Mimi ningekaa kimya, na sisemi kwa ubaya."

Lililomuuma Atupele ni kwamba Zuberi alikuwa anasema kweli. Angekuwa anajilinda tu, ingekuwa rahisi kumkasirikia. Alichukua mkoba wake, akasahau kufunga kioo, akatoka.

*

Ukumbi wa kusubiri wa hospitali ya rufaa ulikuwa umejaa wanawake watano kwenye benchi la watu watatu. Kanga mabegani, miguu imenyooshwa, walikuwa wamekaa kama wanaosubiri kuambiwa mazishi ni saa ngapi. Katikati yao alikaa mwanamke mwembamba aliyevaa kizibao cha kazini chenye mistari inayong'aa na viatu vizito vyenye zege kavu. Alikuwa na simu mkononi na alikuwa anaipandisha na kuishusha kwa kidole gumba.

"Mama Yusto?"

"Ndiyo mimi."

"Pole sana, mama. Mimi ni Mwalimu Atupele, natoka ofisi ya shule."

"Huyu ndiye aliyenipigia," Mama Tunu akasema, akasogea kumpa nafasi. "Mwenye utu wake. Karibu, mwanangu."

Atupele hakukaa. Mama Yusto aliinua simu akamwonyesha. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Nisaidie hapa, Mwalimu, wewe ndiye mwenye hivi vitu. Wanasema nimeulizwa. Hapa, ona. Mzazi ameulizwa, hakujibu. Mimi simu nilikuwa nayo kifuani muda wote nilipokuwa juu. Nimesoma amekula maharage, nikajibu. Sasa hili swali lilikuja nikiwa wapi? Nilibonyeza nini? Najaribu kukumbuka kama niligusa kitu kwa glavu nikalifuta." Sauti ilimpasuka. "Mtoto ananingoja nijibu, mimi nanyanyua nondo."

"Ni mitambo tu hiyo, mwenzangu," mmoja wa wanawake akasema. "Usijitese."

Wote wakamtazama Atupele, wakitegemea aseme hivyo hivyo. Ingetosha. Ni mitambo, mama, huwa inakwama. Mama angelia akanyamaza, wanasheria wangekaa, kitufe kingebaki. Atupele alimtazama Mama Yusto usoni. Akapiga moyo konde.

"Hukuulizwa, mama. Swali lilikuja, mimi nililizuia. Nilizuia habari zote za Yusto tangu alipoumia, kwa sababu nilikuona uko juu peke yako, nikaogopa. Sikujua swali la daktari litakwama humo. Ile ya maharage pia si ya leo. Ilitungwa."

Mama Yusto aliishusha simu mapajani.

"Ilitungwa," alisema.

"Ndiyo."

"Nikajibu nampenda."

"Ndiyo, mama."

"Mwenzio alikuonea huruma," Mama Tunu aliingilia. "Hata sisi—"

"Mmenionea huruma wote!" Aliinuka ghafla, kanga ya mtu ikaanguka sakafuni. "Nashuka pale chini nawakuta watano, hakuna hata mmoja anayenitazama usoni. Nikajua nimeshazika. Barabara nzima mpaka nyumbani nawauliza, mnaniambia twende kwanza. Nimekaa mkekani kwangu, nimepewa maji, mwanangu ameshakufa kichwani kwangu, na kumbe wakati ule yuko hapa anaita. Nesi kaniambia. Kaita mpaka wakamlaza kwa dawa."

Mama Tunu aliokota ile kanga akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Mama Yusto alimgeukia Atupele. Hasira ilikuwa imemwishia, amebaki na uchovu mtupu. "Ningekubali, unajua? Wangeniuliza ningesema kateni, mtoto abaki. Nisingefikiri mara mbili. Usije ukaenda kulala ukidhani umeniharibia hilo. Lakini ningekuwa nimefika. Ningemwambia mwenyewe, kabla hajalala. Amelala akijua ana mikono miwili, Mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu."

"Nisamehe, mama."

"Sijui."

Mlango wa wodi ulifunguka, nesi akachungulia na kusema mgonjwa ameamka, aingie mzazi. Wanawake walianza kunyanyuka wote pamoja, na Mama Tunu akamshika mkono. "Shosti, leo mwache apumzike. Hana nguvu bado. Kesho, akishakula, tutakaa naye vizuri—"

"Hapana." Aliutoa ule mkono bila ukali. "Hakuna kesho. Mimi namwambia, na namwambia sasa hivi. Ninyi kaeni hapa." Alifuta uso kwa pindo la kizibao, likamwachia alama ya vumbi shavuni. Kisha akamwambia Atupele, "Wewe njoo. Njoo uone mtu anavyoambiwa."

Atupele alimfuata. Hakuona kama ana haki ya kukataa.

Yusto alikuwa mdogo kuliko umri wake, amelazwa chali, shuka mpaka kidevuni. Upande wa kulia shuka lilikuwa limeinuka juu ya bandeji nene begani, halafu likashuka mapema likalala bapa juu ya godoro. Atupele alibaki mlangoni.

"Mama."

"Naam, baba."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, baba. Nisamehe."

"Niliwaambia wakuite."

"Najua. Nimeambiwa." Alivuta kiti, akakaa upande ule wa kulia, akaegemeza viwiko kitandani. Atupele alimwona akivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Yusto, nitazame. Kuna jambo nataka nikuambie. Nataka ulisikie kwangu mimi, sio kwa mtu mwingine."

Mtoto alimtazama. Macho yalikuwa mazito ya dawa, lakini yalikuwa yanasikiliza.

"Mama, vidole vinawasha."

"Vidole vipi?"

"Vya mkono huu hapa. Hiki kikubwa. Vinawasha sana, nikune."

Mama Yusto aliliangalia lile shuka lililolala bapa. Aliliangalia muda mrefu. Aligeuka akamtazama Atupele pale mlangoni. Hapakuwa na lawama usoni mwake. Alikuwa anaomba kusaidiwa. Atupele hakutikisa kichwa kusema ndiyo wala hapana.

Mama aligeukia kitanda. Aliweka mkono wake juu ya shuka, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kucha zake zenye zege zikaanza kukuna godoro polepole.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

Akashusha mkono chini kidogo.

"Hapo hapo," Yusto akasema, akafumba macho.